Umepuliza homoni na alizeti bado inanyauka? Anza kuangalia hapa

Juzi mzee mmoja wa Kwamsisi aliingia dukani kwangu hapa Mkata, kashika majani matatu ya alizeti aliyoyafunga kwenye gazeti. Alikuwa amepuliza "dawa ya ukame" mara mbili, na majani bado yamelegea kama kitambaa kilichotoka kukamuliwa. "Mwanangu, umeniuzia maji," akasema. Nikamuuliza: "Baba, alfajiri kabla ya jua, yanakuwaje?" Akanyamaza. Hakuwa ameangalia.

Nimeuza pembejeo miaka kadhaa na ninalima alizeti na ufuta mwenyewe, kwa hiyo malalamiko ya homoni nimeyasikia kwa mteja na nimeyaona shambani kwangu. Mara nyingi dawa haina kosa, ila imepelekwa mahali ambapo haina kazi. Homoni ya mmea si maji wala mbolea. Ni salamu. Udongo ukianza kukauka, mmea wenyewe hutengeneza homoni iitwayo asidi ya absisiki, na homoni hiyo huviamuru vitundu vya jani, vile tulivyofundishwa shuleni kuwa ni stomata, vijifunge ili maji yasiendelee kupotea kwa mvuke. Sisi tukipuliza, tunaitanguliza salamu hiyo, au tunapeleka nyingine kama asidi ya salisiliki au brasinolidi, zinazouamsha mmea ujiandae kwa kiu. Sasa salamu haijazi mtungi. Kama ardhini hakuna kitu, utaupigia mmea kelele bure.

Hebu tuanze na dalili, moja baada ya nyingine.

Majani yanalala

Alizeti kulala saa saba mchana si ugonjwa. Jani lake ni pana, linapoteza maji haraka kuliko mizizi inavyoyavuta, kwa hiyo linashuka kidogo kukwepa jua. Ikifika jioni likasimama, mmea uko salama na huo ndio wakati homoni inaweza kusaidia. Likilala mpaka alfajiri, maji yameisha pale mizizi ilipo.

Usiamini macho peke yake. Chukua jembe, chimba katikati ya mistari kina cha kuanzia ncha ya vidole hadi kwenye kiwiko, uchote udongo wa chini uufinye kiganjani. Ukishikamana ukabaki na alama za vidole, bado kuna akiba. Ukimwagika kama unga wa sembe, funga mfuko wa dawa uurudishe kabatini. Mizizi ya alizeti inaweza kushuka mita mbili pale udongo unaporuhusu, ndiyo maana shamba lenye vumbi juu wakati mwingine linaendelea vizuri na jirani anashangaa. Lakini kama trekta limepita hapo miaka na miaka likaacha tabaka gumu chini, mizizi inafika hapo inakunja kona. Ng'oa mmea mmoja utazame: mzizi mkuu uliopinda kama mpini wa mwavuli unakuambia tatizo lako ni ardhi.

Kingine cha kutazama ni mpangilio. Kiu hukamata kwa mabaka: kichuguu kilichosawazishwa, sehemu ya mchanga, ukingo wenye mti mkubwa. Ukiona mmea mmoja umenyauka na majirani zake wote wamesimama, au upande mmoja tu wa mmea umelegea, pasua shina kwa kisu. Ndani kukiwa na mistari ya kahawia, huo ni ukungu wa kwenye mishipa, na ufuta unaupata sana. Hakuna homoni ya dukani itakayoutibu. Ng'oa, choma, na mwakani usirudie zao hilo hapo.

"Nimepuliza, sioni tofauti yoyote"

Hili ndilo linaloongoza, na sababu yake ya kwanza ni kuchelewa. Salamu inabidi ifike mmea ukiwa bado na nguvu ya kuipokea. Mimi napuliza mara ya kwanza alizeti ikiwa na majani sita hadi manane, nikisikia Mamlaka ya Hali ya Hewa inazungumzia vipindi virefu vya ukavu, na mara ya pili kitumba kinapokuwa na ukubwa wa sarafu. Kipindi kibaya zaidi kwa alizeti kukosa maji ni kuanzia kitumba hadi punje zinapojaa. Anayesubiri aone majani yamekauka ndipo aje dukani, namwambia ukweli ingawa napoteza mauzo.

Sababu ya pili ni uchanganyaji. Asidi ya salisiliki, ambayo ndiyo rahisi kupatikana na kwa bei ya kuvumilika, haipendi maji baridi. Ukiimimina kavu kwenye bomba la lita 16 ukatikisa, utadhani imeyeyuka. Ukimaliza kupuliza, fungua mfuniko umulike kwa tochi ya simu: chini utaona vijisindano vyeupe vimelala kama chumvi iliyosahaulika kwenye kikombe. Hiyo ndiyo dawa yako. Mistari ya kwanza imepata maji, na kama vijisindano vikiyeyuka mwishoni, mistari ya mwisho inapata mara tatu.

Iyeyushe kwanza kwenye spiriti kidogo, ndani ya chupa ya kioo, mbali na jiko na sigara, halafu mimina taratibu ndani ya maji huku unakoroga. Viwango vilivyotumika kwenye majaribio mengi ni kati ya miligramu 70 na 140 kwa lita moja ya maji. Kwa bomba la lita 16 hiyo ni gramu 1.1 hadi 2.2 hivi. Mizani ya sukari haiwezi kupima hapo, na kijiko cha chai ndicho kilichoharibu mashamba ya watu. Tafuta mizani ndogo kama ya sonara. Ukikosa, yeyusha gramu 20 ndani ya nusu lita ya spiriti; kila mililita 50 za mchanganyiko huo zitakuwa na gramu 2, na mililita 50 unaweza kuzipima hata kwa bomba kubwa la sindano. Ukinunua iliyokwisha kutengenezwa, fuata kipimo cha lebo, na hakikisha lebo ina namba ya usajili ya TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu.

Kuna wanaosaga vidonge vya aspirini. Nawaelewa, kwa kuwa aspirini ni ndugu yake na ikikaa majini hugeuka polepole kuwa asidi hiyohiyo. Ila kidonge kina unga mwingine wa kukishikilia, unaoziba nozeli, na hujui ni kiasi gani kimegeuka. Ni kazi ya kubahatisha.

Maji nayo yanaangusha watu. Kama unayachota kwenye lambo, yachuje kwa kitambaa, la sivyo tope litakula nozeli na ukungu wa dawa utakuwa matone makubwa yanayoteleza. Ukiyahifadhi kwenye pipa la bati lenye kutu, usishangae mchanganyiko ukivuta rangi ya zambarau: asidi ya salisiliki ikikutana na chuma huwa hivyo, na sehemu iliyoshikana na chuma haikusaidii. Tumia ndoo ya plastiki.

Halafu saa. Jani la alizeti lina malaika, tone linakaa juu ya vinyweleo hivyo bila kugusa ngozi. Weka sabuni ya maji kidogo, kijiko kimoja cha chai kwa bomba, ili tone litandaze. Pulizia jioni jua likishapoa, elekeza nozeli na chini ya jani pia. Ukipuliza saa tano, tone linakauka kabla halijaingia.

Majani yameungua kingo

Ikitokea siku mbili tatu baada ya kupuliza, umezidisha, au umechanganya na mbolea ya majani au dawa ya shaba kwenye bomba moja ili kuokoa safari. Asidi ya salisiliki kwa kiasi kidogo huuamsha mmea ujikinge. Ikizidi, inaunguza yenyewe. Hakuna dawa ya kuiondoa. Acha, majani mapya yatatoka safi.

Kama kuungua kulianza kabla hujapuliza, tena kwenye majani ya chini, fikiria upungufu wa potasiamu, na mmea wenye upungufu huo hushindwa hata kuvifungua na kuvifunga vitundu vyake ipasavyo. Hapo mbolea kwanza.

Majani yamejisokota, shina limepinda

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu nililipia ada ya somo hili.

Mwaka ule mvua za vuli zilikata mapema. Nikapuliza alizeti jioni, kwa kipimo sahihi, kwa maji safi, najisifu moyoni. Siku ya tatu nikakuta vichwa vya mimea vimepinda chini kama shingo ya bata anayekunywa maji, vikonyo vya majani vimejikunja, na majani machanga yamefinyika yakawa membamba kama kikombe kilichobanwa. Shina likavimba, likapasuka kidogo. Nikailaumu homoni, nikampigia simu aliyeniuzia, nikasema maneno ambayo baadaye ilibidi nimwombe radhi.

Bomba lile wiki mbili kabla lilitumika kwenye mahindi ya shemeji yangu kuua magugu. Dawa yenyewe ilikuwa 2,4-D. Wengi hawajui kwamba 2,4-D nayo imeundwa kwa kuiga homoni ya mmea, aina ya oksini, ikapewa kwa wingi mpaka mmea unakua kwa vurugu na kufa. Mahindi, kwa kuwa ni jamii ya nyasi, yanaivumilia. Alizeti, ufuta na karanga ni mimea ya majani mapana, sawasawa na magugu inayoyaua. Na alizeti ni mwepesi kuumia kuliko wote: mabaki yaliyong'ang'ania ndani ya mpira wa bomba yanatosha.

Kwa hiyo ukiona kujisokota, uliza maswali mawili kabla hujamtukana mtu. Bomba hili lilifanya kazi gani mwisho? Na jirani aliye upande upepo unakotoka, amepuliza mahindi wiki hii? Kama uharibifu ni mkali upande mmoja wa shamba na unapungua ukielekea ndani, ni upepo. Kama unafuata njia uliyopita na bomba, hasa mistari ya kwanza, ni bomba.

Kusuuza mara moja hakusaidii. Suuza mara tatu, jaza maji yenye sabuni ya unga au amonia, pulizia kidogo ili yapite kwenye mpira na nozeli, acha yalale humo usiku kucha, kisha suuza tena, na maji hayo usiyamwage karibu na bustani wala kisima. Mimi sasa nina mabomba mawili, na la magugu nimelipaka rangi nyekundu mfuniko mzima. Shemeji akija kuazima anapewa hilohilo.

Mimea iliyoguswa kidogo ikiwa michanga hupona, majani ya juu yanakuja yamenyooka. Iliyoguswa wakati wa kitumba itakupa vichwa vilemavu. Hiyo usiipulizie kingine chochote.

Imerefuka tu, halafu ikaanguka

Umepewa jibereliki, homoni ya kurefusha shina. Kwenye rafu za duka homoni zote huwekwa pamoja kwa jina moja, "kidhibiti ukuaji", ilhali zinafanya kazi zinazopingana, na mimi nikiwa muuzaji nakiri kwamba tunachangia mkanganyiko. Jibereliki ilitambuliwa Ujapani kutokana na ugonjwa wa mpunga uliofanya miche irefuke kama imewehuka kisha ianguke. Mwaka 1926 ikaonyeshwa kuwa kinachosababisha ni kitu kinachotolewa na ukungu. Kwa shamba lenye kiu, dawa inayosukuma shina na majani ni kuongeza midomo mezani wakati chungu kitupu.

Kuna na ethefoni. Wakulima wa mananasi wa Kiwangwa, kule Bagamoyo, wanaijua, hutumika kulazimisha mananasi yatoe maua kwa pamoja. Inatoa ethilini, homoni ya kuivisha na kuzeesha. Kijana mmoja alimletea mama yake chupa kutoka huko, akamwambia "ni homoni, mama, ya kuongeza maua". Ufuta wake ukapukutika. Usiulize tu kama ni homoni. Soma mstari wa kiambato amilifu kwenye lebo: kwa ukame unatafuta asidi ya salisiliki, asidi ya absisiki au brasinolidi. Hiyo ya absisiki ni ghali, na ukiipuliza shamba likiwa na maji ya kutosha unajipunguzia mavuno, maana jani lililojifunga haliingizi hewa ya kutengenezea chakula.

Brasinolidi ina hadithi nzuri. Ilitambuliwa mwaka 1979 kwenye chavua ya mmea wa rape, ambao nao ni zao la mafuta. Watafiti Marekani walitumia zaidi ya kilo 200 za chavua iliyokusanywa na nyuki wakapata miligramu 4 tu. Ndivyo inavyotumika mpaka leo, kwa kiasi kidogo sana. Anayekuambia "ongeza kidogo ikolee" hajui anachouza.

Kichwa kikubwa, ndani mapepe

Kichwa cha alizeti kinasomeka kama kalenda. Maua madogo hufunguka kuanzia mzunguko wa nje, siku baada ya siku, yakielekea katikati. Kwa hiyo ukipukuchua, tazama mapepe yako wapi. Nje kumejaa na katikati kutupu: kiu ilikuja mwishoni, maji hayakutosha kumalizia, au udongo una upungufu wa boroni, ambao ukame huuzidisha. Pete tupu katikati ya pete zilizojaa: kuna siku chache mbaya, za joto kali au za upulizaji. Mapepe yametawanyika kila mahali: chavua haikusambaa, nyuki hawakuja.

Hilo la nyuki tunalisahau. Mkulima akiona wadudu kwenye kitumba anatia dawa ya wadudu ndani ya bomba la homoni, anapuliza asubuhi, nyuki ndio wako kazini. Mbegu kama Record, aliyoizoea mkulima wa kawaida, inategemea chavua ya mmea mwingine. Alizeti ikishachanua, acha kupuliza kabisa.

Ufuta unadondosha maua

Ufuta unastahimili ukame kuliko alizeti, ila una hasira na maji yaliyosimama. Nimeona watu wanapulizia "ya ukame" ufuta ulioko bondeni kwenye udongo mweusi, majani ya njano, umedumaa. Ukichimba, mizizi imeoza, inanuka. Unanyauka kwa kuzama. Chimba mfereji.

Ukiwa kwenye mwinuko na udongo umekauka, basi kudondosha maua ni njia yake ya kupunguza mzigo. Puliza kabla ya ua la kwanza, siyo baada. Na kabla ya dawa angalia nafasi: ufuta uliomwagwa kwa mkono bila kupunguzwa unagombania maji wenyewe kwa wenyewe. Palizi moja iliyofanyika kwa wakati imeniokolea mavuno mara nyingi kuliko chupa yoyote niliyowahi kuuza, na hapo najiharibia biashara.

Karanga sina mengi. Baada ya ua, karanga hushusha sindano, yaani kikonyo kinachobeba karanga, ardhini. Udongo wa juu ukiwa mgumu kama sakafu sindano haipenyi, na homoni haitalainisha ardhi. Rudishia udongo, tandaza nyasi. Ukame ukija mwishoni, ng'oa kwa wakati na ukaushe vizuri, maana karanga zilizokaa ardhini na kiu ndizo zinazopendwa na ukungu wa sumukuvu.

Utajuaje kama ilisaidia?

Acha mistari minne katikati ya shamba bila kupuliza. Isiwe pembeni, mistari ya pembeni ina tabia zake. Funga vitambaa kwenye miti mwanzo na mwisho, uwaambie vijana wanaokusaidia, kwa sababu mwaka juzi kijana wangu aliona nimesahau akanimalizia kwa moyo mweupe. Siku ya kuvuna pima na mistari minne iliyopulizwa iliyo kando yake, kwa mizani ya dukani au hata kwa debe lilelile, na uonje uzito wa punje mkononi. Tenga magunia, andika kwa kalamu ya wino mzito siku hiyohiyo, maana vikishamwagwa kwenye turubai moja hakuna atakayekutenganishia.